Gari la kuhamia wakati wa dharura: maswali ambayo watu wa Goma huuliza mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye gari mjini Goma, au anayetafuta gari, ambaye anajua kwamba Nyiragongo ni jirani asiyetabirika. Mlima huo ulimwaga lava Januari 1977, ukarudia tarehe 17 Januari 2002, na mara nyingine jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021. Mengi yaliyomo humu yametokana na yale ya 2021, kwa sababu mwaka huo mji ulihamishwa kwa amri na tukaona kinachofaa njiani na kisichofaa. Anayetaka tu kupeleka watoto kulala kwenye hema mwisho wa juma naye atapata lake, maana vifaa ni karibu vilevile.

Ninunue gari la aina gani?

Kabla ya kuuliza aina, uliza ni watu wangapi watalala ndani yake. Alfajiri ya 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima kulipuka, gavana wa kijeshi aliamuru kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji zihame. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka, wengi wakaenda Sake, wengine Gisenyi, wengine upande wa Rutshuru, wengine wakapanda boti kwenda Minova na Bukavu. Kutoka Goma hadi Sake ni kilomita 25 na ushee. Kwa gari ni mwendo mfupi sana, hata foleni ikiufanya wa kutwa nzima. Lakini Juni iliingia watu bado wamelala shuleni, makanisani na kando ya barabara, ndipo serikali ikaanza kuwarudisha kwa awamu. Gari lilitembea kwa saa chache, kisha likawa nyumba kwa siku nyingi. Lichague kama chumba kwanza, mambo ya mbio baadaye.

Kwa kipimo hicho, Toyota Noah iliyochoka kidogo inaishinda Harrier inayong'aa. Viti vyake vinalala, mlango wa pembeni unafunguka hata magari yakibanana, na mama mwenye mtoto mgongoni anaingia bila kuinama sana. Hiace ni bora kwa ukoo mkubwa, au kwa familia mbili zilizokubaliana. Ipsum inatosha watu watano. RAV4 za zamani, ambazo mji umejaa, zinapita karibu popote, ila ndani yake ni watu wazima wawili tu watakaonyoosha miguu, tena baada ya kukunja viti vyote. Kama ndiyo uliyo nayo usiiuze. Nunua turubai kubwa.

Halafu kuna spea. Gari ambalo fundi wa Birere au wa Majengo anaweza kulipatia pampu ya maji leo hii lina thamani kuliko gari zuri linalosubiri kipuri kutoka Kampala. Ndiyo maana unaona Toyota kila kona.

Lazima liwe la kuvuta magurudumu manne?

Kwa kwenda Sake au Gisenyi, hapana. Kwa kwenda Bukavu kwa barabara, kupitia Minova na Kalehe, wakati wa mvua, ndiyo, na hata hivyo usijivune. Barabara hiyo ni udongo na mawe, yenye miteremko mikali na mito inayobadilika usiku mmoja. Mei 2023 maji na matope yalifagia Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Septemba hadi Desemba ni miezi ambayo boti ina akili kuliko gari, kama ziwa limetulia.

Kinachohitajika hata ndani ya mji ni tumbo la gari kuwa juu. Mawe yetu ya lava hayasamehe sampu ya mafuta. Tena baada ya mlipuko wa 2021 ardhi ilitetemeka kwa siku kadhaa na nyufa zikafunguka barabarani. Gari lililoshushwa chini kwa ajili ya urembo lingebaki hapohapo.

Petroli au mazutu (dizeli)?

Mazutu haishiki moto upesi kama petroli, na injini yake hula kidogo ikibeba mzigo mzito. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ zinapendwa kwa sababu hazina turbo wala kompyuta ya kusumbua, na fundi yeyote anazielewa. Lakini mazutu chafu huua pampu na nozeli, na matengenezo yake si ya bei ya petroli. Kwa familia ya kawaida, gari dogo la petroli lenye huduma ya kila mara linatosha. Usibadilishe gari kwa sababu ya swali hili peke yake.

Mume wangu anataka Land Cruiser pikapu, ile ndefu ya nyuma wazi. Ni wazo zuri?

Mama, kama chombo ni chombo hasa. Kwa mji wetu, ningemwomba afikirie upya. Pikapu hiyo ndiyo gari ambalo kila mwenye bunduki analitamani, awe wa upande wowote. Saa ya vurugu inaweza kusimamishwa na kuchukuliwa, na mkabaki na mizigo kando ya njia. Familia iliyo kwenye Noah yenye godoro juu inaonekana ilivyo: familia inayohama.

Kwa sababu hiyohiyo usipake gari rangi ya kijani ya jeshi wala kulifunika kwa kitambaa cha madoadoa. Usiweke vioo vyeusi, usibebe redio za mawasiliano za mkononi, wala droni ya kupigia picha harusi. Panga la kukatia kuni liwe chini kabisa ya mizigo, limefungwa gunia, pamoja na jembe, ili lionekane ni la shamba. Kwenye barieri (kizuizi cha barabarani) washa taa ya ndani, shusha vioo, mikono ionekane, mtu mmoja tu azungumze.

Usukani wa kulia una shida?

Magari mengi ya mitumba ya Mashariki mwa Kongo ni ya usukani wa kulia, nasi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Maana yake dereva hukaa ukingoni na haoni mbele anapotaka kulipita lori. Mweke mtu mzima, aliye macho, kwenye kiti cha kushoto, awe ndiye anayeangalia njia. Usiku wa kuhama usilipite gari lolote bila neno lake. Asiwe mtu wa kuogopa mno wala wa kusukuma mno. Shemeji mwenye haraka mketishe nyuma.

Kwenye gari la mtumba nikague nini kwanza?

Upoaji wa injini, breki, na matairi. Mwombe muuzaji akuachie gari lililolala usiku kucha, uliwashe mwenyewe asubuhi, kisha uliache likiunguruma kwa nusu saa pasipo kutembea, huku ukiangalia mshale wa joto. Gari linalochemka likisimama litakufa kwenye foleni ya kwenda Sake. Hilo ni jaribio muhimu kuliko kulikimbiza kwenye lami. Baada ya hapo mwite fundi wako, asiwe fundi wa muuzaji, alikague chini.

Matairi gani yanafaa kwa mawe ya hapa?

Yenye kuta nene. Lava iliyopasuka ina makali, na hukata tairi ubavuni, mahali ambapo kiraka hakishiki. Usidanganywe na meno marefu ya tairi la mtumba. Geuza tairi utafute mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliozidi miaka kumi ni mzee hata kama haujatembea, na mipasuko midogo ya ubavuni itakuthibitishia.

Tairi ya akiba iwe nzima, yenye upepo, na iwe mahali unapoweza kuifikia bila kushusha mizigo yote. Gari lililojaa watu na mabidoni hufunika tairi ya akiba kabisa, na tairi hupasuka saa nane za usiku, mvua inanyesha. Beba kiriki (jeki) pamoja na kipande cha ubao mpana cha kukikalisha, maana kwenye majivu na changarawe kiriki huzama. Na ujaribu nati zako mchana: waliozikaza kwa mashine ya hewa gareji wamezikaza kwa nguvu ambazo spana ya gari haiwezi kuzilegeza.

Niwe na mafuta kiasi gani?

Tangi lisishuke chini ya nusu. Iwe sheria ya nyumba. Gari dogo lenye lita 25 tangini linaweza kwenda Sake na kurudi mara kadhaa, na injini iliyosimama kwenye foleni hula takriban lita moja kwa saa. Kwa hesabu hiyo utaona kwamba kwa safari ya dharura ya hapa nusu tangi ni mali nyingi. Kosa la wengi ni kukimbilia kituo mlima ukishawaka, wakati pampu hazina umeme na mia wako mbele yako.

Na mafuta ya akiba nyumbani, kwenye bidoni?

Mwaka 2002, siku chache baada ya lava kuingia mjini, kituo kimoja cha mafuta kililipuka watu wakiwa wanachota humo, na makumi wakafa. Petroli haihitaji moto uiguse. Mvuke wake hutambaa chini hadi uukute moto. Kwa hiyo: bidoni ya chuma yenye kifuniko cha kukaza, usiijaze hadi juu, ikae kivulini nje ya nyumba na mbali na jiko, na usiibebe ndani ya gari lenye watu. Yale mabidoni ya njano ya mafuta ya kula hulainika na kuvuja. Kila baada ya miezi michache yamimine mafuta hayo tangini ununue mapya, kwa kuwa petroli huchacha.

Kuhusu kununua kwa Kadhafi, muuza petroli wa kando ya barabara: sote tumenunua. Yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, na usiyafanye kuwa akiba yako ya dharura, kwa sababu hujui yamechanganywa na nini.

Tutaingia wangapi?

Piga hesabu kwa kilo. Magari mengi madogo yameundwa kubeba kilo 400 hadi 500 juu ya uzito wake, watu wakiwemo. Watu wazima saba wa kilo 65 ni kilo 455. Hapo hujaweka hata bidoni moja ya maji, nayo bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Juu ya keria ya kawaida ni kilo 50 hadi 100, angalia kitabu cha gari lako; weka vyepesi na vipana huko: magodoro, mablanketi, turubai. Maji, unga na vyungu viende chini, karibu na ekseli. Gari lenye mzigo juu hupinduka kwenye kona ambayo kila siku unaipita bila kuifikiria.

Najua kwamba siku hiyo jirani atakuja na watoto watatu na hutawaacha. Basi uamue mapema kitakachobaki, na isiwe kazi ya kubishana langoni. Televisheni na kochi havina nafasi kwenye mazungumzo haya. Cherehani ya mama anayeshona ina nafasi, kwa sababu ndiyo mshahara.

Maji kiasi gani?

Kwa kunywa na kupika peke yake, lita 3 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita kwa siku tatu ni lita 54, sawa na mabidoni matatu. Mwaka 2021 lava iliharibu mitambo ya maji upande wa kaskazini na sehemu kubwa ya mji ikakauka, huku waliofika Sake wakichota ziwani. Kipindupindu hakijawahi kutoka kabisa katika mwambao wa Kivu. Kwa hiyo weka vidonge vya klorini kwenye sanduku la dawa, na soma pakiti kwani nguvu zake zinatofautiana. Maji machafu yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa, la sivyo klorini itafanya kazi bure. Bidoni zijazwe sasa hivi, zibadilishwe kila baada ya wiki chache. Maji ya zamani yatumie kufulia.

Kulala ndani ya gari kuna hatari?

Zipo mbili zinazoua, zote hazina kelele. Ya kwanza ni moshi. Usiku wa Goma ni wa baridi, tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mtu hushawishika kuingiza babula (jiko la makaa) ndani au kuacha injini iwake kwa ajili ya joto. Makaa yakiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki. Babula ibaki nje hata kama makaa yanaonekana yamekufa. Joto litafutwe kwa mablanketi, soksi na kulala karibukaribu.

Acha madirisha mawili, ya pande tofauti, wazi kwa upana wa vidole viwili, uyafunike kwa kipande cha chandarua kilichobanwa na mlango. Bila hilo vioo vitatoa jasho na asubuhi kila kitu kitakuwa chepechepe. Godoro la sponji likatwe kwa umbo la gari mapema. Kwenye Noah au Ipsum kuna mabonde kati ya viti. Yajaze nguo zilizokunjwa. Turubai la mita 4 kwa 6 lifungwe kwenye keria na kuteremshwa hadi vijiti viwili, na hapo una baraza la kupikia na la kulaza vijana.

Ya pili ni mazuku, yaani mabonde yenye hewa ya sumu, nayo inastahili jibu lake.

Tusiegeshe wapi? Mazuku yako wapi hasa?

Kati ya Goma na Sake, pande za Mugunga, Lac Vert na Bulengo na kwenye mwambao, kuna mashimo na mabonde ambamo hewa ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kutuama. Hewa hiyo ni nzito kuliko ya kawaida, kwa hiyo hujaa bondeni kuanzia chini kwenda juu. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu huku mtoto aliyelala chini, au mbuzi, anakufa palepale. Na hiyo ndiyo njia ileile tuliyoelekezwa 2021, tukiwa tumechoka, usiku, tunatafuta mahali tulivu pa kulala. Mahali tulivu penye upepo kidogo na majani mazuri, pamezama kidogo ili msionekane kutoka barabarani: ndipo pa kupakimbia.

Tafuta mwinuko. Egesha mahali ambapo maji ya mvua yangetiririka kuondoka, si pale yanapokusanyika. Waulize wenyeji kabla ya kuzima injini, hata kama ni usiku. Watu wa Mugunga wanajua kila shimo. Ukiona ndege, panya au wadudu wamekufa chini bila sababu, ondoka. Mabaya zaidi ni usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala. Mahali palipokuwa salama adhuhuri panaweza kuwa kaburi alfajiri. Usishuke kupima kwa kiberiti. Mtu akianguka shimoni usimfuate: mvute kwa kamba ukiwa juu, au uite msaada. Wengi waliokufa humo walikuwa wakimfuata mwingine.

Wanaopiga kambi kwa starehe kando ya ziwa nao wasome aya hizi mara mbili. Hema lina sakafu ya chini kuliko gari.

Simu na taa tutachaji vipi?

Betri ya gari ya 60 Ah, ukitumia nusu yake tu, inatosha kuchaji simu takriban mara 20. Lakini ukiimaliza gari haliwaki, kwa hiyo usiunganishe friji wala televisheni. Betri ya pili ndogo pamoja na paneli ya jua ya wati 50 juu ya keria itawatosha kwa taa na simu bila kugusa betri ya injini. Nyaya za kuazimana moto na gari jingine ziwe nene. Zile nyembamba za bei ya chini huyeyuka. Redio ndogo ya betri ni ya lazima. Mtandao ukizidiwa, Radio Okapi ndiyo itakayokuambia kama mnarudi au mnasonga mbele.

Tubebe chakula gani?

Kisichohitaji moto mrefu. Maharagwe ni chakula chetu lakini yanakula makaa ya siku mbili. Yabebe yaliyopikwa na kukaushwa, au uyaache. Unga wa foufou, sambaza (dagaa wa Kivu) wakavu, karanga, biskuti, sukari, chumvi, chai. Jibini ya Masisi nzima inavumilia siku nyingi bila friji, na hakuna mtoto anayeikataa. Kwa kupikia, mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 ni msafi kuliko makaa, mradi usimame wima njiani, valvu imefungwa, na upikie nje.

Karatasi gani ziwe ndani ya gari? Na nikitaka kuvuka kwenda Gisenyi?

Mfuko mmoja usiopitisha maji, ukae nyumbani karibu na funguo, usikae ndani ya gari ambalo linaweza kuibwa. Ndani yake: kadi za mpiga kura, hati za kuzaliwa za watoto, karatasi za parseli (kiwanja), diploma, kadi za chanjo, carte rose (kadi ya usajili) ya gari, bima, leseni. Piga picha zote uzitume kwa ndugu aliye mbali. Weka faranga za noti ndogo, na dola ambazo hazijachanika wala kuandikwa, kwa kuwa dola yenye mpasuko wa ukucha hakuna atakayeipokea.

Usiku wa 22 Mei 2021 Rwanda ilifungua mpaka na maelfu wakavuka, wengi kwa miguu. Kwa miguu ni rahisi zaidi. Gari lina maswali yake: kadi ya njano ya COMESA, hati ya forodha ya kuliingiza kwa muda, na dereva ambaye jina lake linalingana na carte rose au ana barua ya mwenye gari. Tangu waasi wa M23 walipoingia Goma Januari 2025, uliza taratibu za barieri mapema, usitegemee za zamani. Mifuko ya plastiki waachie wengine: Rwanda iliipiga marufuku 2008, na utaimwaga mizigo yako yote pale mpakani Petite Barrière huku foleni ikikutazama. Tumia mabeseni, vikapu na magunia.

Watoto wasipotee vipi?

Mwaka 2021 watoto wengi walitengana na wazazi wao usiku wa kwanza tu. Kila mtoto avae mfukoni, au ashonewe ndani ya nguo, karatasi yenye jina lake, la wazazi, kartie na namba mbili za simu, moja ya mtu asiyeishi Goma. Watoto wote wapande gari moja pamoja na mzazi mmoja. Usimtume mtoto mkubwa kwa moto (pikipiki) na kumwambia mtakutana Sake. Sake ni kubwa siku hiyo.

Sina gari. Ukurasa huu unanihusu?

Unakuhusu. Zungumza sasa na jirani mwenye gari: wewe utachangia mafuta na turubai, yeye atachangia viti viwili. Makubaliano ya namna hiyo huheshimiwa yakifanywa mchana, mbele ya mke wake. Bei ya moto siku ya mlipuko hupanda kila dakika, na moto haibebi maji ya familia. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, inabeba. Mwenye chukudu imara anaweza kusukuma magunia na mabidoni hadi Sake bila tone la petroli, akipita ukingoni huku magari yamesimama. Vijana wawili na chukudu moja wakitangulia na mizigo, wazee na wadogo wakafuata kwa gari la jirani, mmehama vizuri.

Niondoke saa ngapi, na kwa njia ipi?

Sikiliza Observatoire Volcanologique de Goma (kituo cha kuchunguza volkano) na Protection civile (ulinzi wa raia). Bendera za rangi kutoka kijani hadi nyekundu zina maana yake, zifahamu kabla. Mwaka 1977 ziwa la lava lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na miteremkoni lilikimbia makumi ya kilomita kwa saa. Likifika tambarare hupungua hadi mwendo wa mtu anayetembea, au chini ya hapo. Kwa hiyo anayeishi Kibati au Buhene hana muda wa kupakia kitu: atoke na watoto, aende pembeni, si kuteremka kwa kufuata mkondo. Anayeishi Himbi au Keshero ana muda, na autumie kwa utulivu.

Lava hushuka kutoka kaskazini. Barabara ya Rutshuru ndiyo iliyokatwa 2021, na mwaka 2002 mkondo uliupasua mji katikati, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Chagua njia ambayo haikulazimu kuvuka katikati ya mji: walio mashariki wafikirie Gisenyi, walio magharibi Sake. Familia iliyotawanyika pande mbili za mji iwe na sehemu mbili za kukutania, si moja.

Kila jioni egesha gari kinyumenyume, kichwa kikitazama lango. Funguo za gari na za lango zikae msumari mmoja.

Gari likizima katikati ya foleni?

Lisukumeni hadi ukingoni mara moja, kabla ya kufungua boneti. Nyuma yenu kuna wagonjwa. Likigoma baada ya dakika kumi, chukueni maji, karatasi na mablanketi, andikeni namba ya simu kwenye karatasi kiooni, mwendelee kwa miguu. Gari mtalirudia.

Tukirudi nyumbani, nikague nini?

Kwanza usiendeshe juu ya lava mpya hata ukiona wengine wanapita. Juu ni nyeusi na ngumu, chini bado ni moto wa kuyeyusha tairi, na kuna gesi: mwaka 2021 watu walikufa wakivuka mkondo uliokuwa umeanza kupoa. Kama mmepata majivu, fungua kichujio cha hewa ukikung'ute au ukibadilishe, na uoshe kioo cha mbele kwa maji mengi kabla ya kuwasha waipa, kwani majivu hukwaruza kama msasa. Osha na chini ya gari pia. Mvua iliyochanganyika na gesi za mlima hula chuma, yaulize mabati yako. Angalia mafuta ya injini na maji ya rejeta. Jaza mabidoni, rudisha tangi juu ya nusu siku hiyohiyo, na kama ulitumia tairi ya akiba, ipeleke ile iliyotoboka kwa fundi kabla ya kulala.